Nyani wa Kogo

Nyumba ya kogo ilikuwa upande huu wa mto, na chai ilikuwa upande ule. Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Asubuhi, ukisimama mlangoni kwake, chini kidogo ya Sosiot, uliona ukungu umelala bondeni kama maziwa yaliyomwagika. Jua lilipopanda, ukungu ulijikunja, na mashamba yakatokea, kijani kibichi, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kuliko kitu chochote tulichowahi kuona juu ya ardhi ile. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, na chai ilikuwa bado ngeni kwetu. Msitu ulikuwa umefyekwa, kipande baada ya kipande, ukabaki ukanda mwembamba wa miti mirefu kati ya chai na mto.

Katika ukanda huo waliishi nyani.

Msitu wao ulipokwisha, walianza kula jasho la watu. Leo walivuka mto kwa kurukia mawe na kuingia katika mahindi yetu, kesho walipanda kwenye vishamba vya wafanyakazi nyuma ya laini, yaani zile safu za vibanda vya kambi. Watu waliwafukuza kwa mawe, kwa mishale na kwa mbwa. Kogo hakuwatupia hata kijiti. Alitoka na fimbo yake, akasimama ukingoni mwa shamba, akawasemesha kwa sauti ya mwanamke anayewakemea watoto wa dada yake.

"Mmeshiba sasa, rudini kwenu. Na wewe mwenye mtoto mgongoni, unamfundisha wizi angali mdogo hivyo?"

Walimtazama huku mashavu yamewavimba kwa mahindi, kisha wakaondoka polepole, kama wageni wanaojua kwamba watarudi.

Kwetu kila ukoo una mnyama wake, tunayemwita tiondo. Mtu hamwui mnyama wa ukoo wake, hamdhihaki, na akimkuta amekufa njiani hapiti hivi hivi. Mimi, kwa upande wa baba, ni wa nyuki. Kogo alizaliwa katika ukoo wa nyani. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alipenda kumwita kutoka ng'ambo ya ua: "Kogo, ndugu zako wamekuja tena, na hawakuleta hata zawadi." Naye kogo alimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kibuyu alichokuwa akikisugua, kwamba waliacha kuleta zawadi walipoonja mapishi ya huyo jirani.

Huyu ndiye mwanamke aliyeamua, katika uzee wake na kifua chake kikimsumbua, kwamba anataka kubatizwa.

Hakuvutwa na mahubiri. Mama yangu alibatizwa kabla ya kufariki, na siku ya maziko mwinjilisti alisema kwamba amekwenda nyumbani kwa Bwana, na kwamba wote waliobatizwa katika imani watamkuta huko. Kogo aliyashika maneno hayo kama yalivyo. Mtoto wake alikuwa mahali fulani, na mlango wa mahali hapo ulijulikana. Miaka ilipita, kikohozi kikaja na kukaa. Jumapili moja alijifunga blanketi, akavuka mto, akaketi kwenye benchi la mbele miongoni mwa vijana wa darasa la ubatizo.

Mwinjilisti wetu alikuwa Mkisii. Siku sita za juma alifanya kazi kiwandani, juu darini ambako majani mabichi hutandazwa yanyauke, na hata Jumapili, akiwa amevaa koti lake jeusi, alinukia majani. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na vidole vilikuwa na weusi wa chai ambao sabuni haikuuweza. Alitufundisha kwa Kiswahili, na mimi nilitafsiri kwa wazee wetu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikifanya kazi katika kitalu cha miche, na nilijivunia sana kazi ile ya Jumapili.

Alikuwa na sharti moja alilolishika kuliko mengine. Kabla ya mchungaji kufika kutoka upande wa Bomet kubatiza, na mchungaji huyo alikuja mara moja tu kwa mwaka, kila mwanafunzi alisimama mbele ya wote na kuulizwa. Pombe aliiacha? Hirizi alizitupa? Na mnyama wa ukoo wake, alimkana? "Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu," mwinjilisti alisema kila mara. "Hana ndugu porini." Zamu yangu ilipofika, miaka mitatu kabla ya hapo, niliwakana nyuki kwa sauti kubwa, na asali nikaendelea kuila. Pombe kogo aliiacha bila shida. Kuhusu hirizi, alisema hakuwahi kuwa nayo, maana ni ghali. Ila nyani, alisema, hilo angelifikiria.

Jumamosi moja mchana nilikuwa mtoni nikifua pamoja na mwalimu wa shule ya kambi. Alikuwa Mjaluo kutoka pwani ya ziwa, mrefu, mwenye sauti nzito iliyoshika nyimbo za kanisa kutoka chini kama nguzo ya nyumba. Ng'ambo, nyani walikuwa wameketi juani wakichambuana manyoya. Aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu tangu aje kwetu. Chuoni alikosomea ualimu, mzungu mmoja mcha Mungu sana, aliyewaongoza kwa sala kila asubuhi, aliwafundisha kwamba wataalamu wa Ulaya wanaona viumbe vyote vimetokana na viumbe vya kale kabisa, vikabadilika polepole kizazi baada ya kizazi, na kwamba mtu na nyani, ukirudi nyuma mno, wana babu mmoja.

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

"Na Mungu?" nilimuuliza.

"Hilo ndilo nililomuuliza," alisema, akikamua shati. "Akaniambia Mungu hana haraka."

Sikulala vizuri kwa majuma kadhaa. Imani yangu ilikuwa changa, na niliipenda kama mtu anavyopenda nguo mpya; niliogopa hata kuinama nayo. Ikiwa hatukufinyangwa kwa udongo siku moja, basi ni nani aliyetupulizia pumzi, na lini? Ikiwa baba wa baba zetu alitambaa juu ya miti, sura ya Mungu ilitushukia kwenye tawi gani?

Nilikuwa nikiyawaza hayo nikiwa nimepiga magoti kitaluni, mikono yangu ikiwa kwenye udongo. Mbegu za chai zilitufikia kwa magunia, zimevuka bahari kutoka Bara Hindi, na tulizipanda chini ya kivuli cha majani ya gugu. Gunia lilikuwa moja, lakini miche haikufanana. Mmoja ulitoa jani pana lenye rangi hafifu, wa pili jani jembamba, la kijani kilichokolea, wa tatu ulikataa kukua. Kwenye bonde la chini umande uliganda alfajiri na kuua miche mingi, na ile iliyopona ndiyo tuliyoambiwa tuitunze, maana mbegu za kesho zingetoka kwayo. Mwenye shamba aliyajua hayo yote na kuyapanga. Hakuwa ameufinyanga kila mche kwa mkono wake, na hata hivyo hakuna aliyesema kwamba shamba halina mwenyewe. Nilikaa pale na tope kwenye magoti, na kitu fulani kifuani mwangu kilichokuwa kimekunjwa kikaanza kukunjuka. Nilikuwa tu nimeacha kuogopa swali.

Laiti lingeishia kati yangu na udongo. Jumapili iliyofuata, darasani, mwinjilisti alirudia kwamba mtu hana ndugu porini, na kogo akaniambia nimuulize ni nani aliyemwambia. Vijana walicheka. Mwinjilisti alisema Biblia ndiyo iliyomwambia. Ndipo mwalimu, aliyekuwa ameketi nyuma na aliyempenda kogo, akasimama ili amsaidie. Alisema kwa upole kwamba hata wasomi wa Ulaya sasa wanasema kitu kama anachosema mama huyu, na kwamba wako waumini wanaolikubali bila kumwacha Mungu. Alieleza kwa maneno machache, vizuri, kama anavyofundisha watoto.

Mwinjilisti alifunga Biblia yake.

"Umekuja na neno la yule msimamizi," alisema, "ukaliingiza katika nyumba hii?"

Kila mtu wa kambi alielewa. Kiwandani palikuwa na msimamizi mmoja mzungu ambaye alikuwa na jina moja kwa wafanyakazi wote. Jani likiungua, aliita, nyani. Mtu akichelewa, nyani. Mwinjilisti alikuwa amebeba jina hilo darini kila siku kwa miaka, pamoja na magunia, na jioni alirudi kibandani kwake, akafungua kitabu cha Mwanzo, akasoma kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mstari ule ndio uliokuwa ukimnyoosha mgongo. Na sasa kijana msomi alikuwa amesimama kanisani, mbele ya watu wake, akimwambia kwamba msimamizi hakukosea.

Mwalimu alielewa pia. Akaketi.

Mwinjilisti alitangaza kwamba Jumamosi ya mwisho, siku moja kabla ya mchungaji kufika, atawauliza wote baada ya kazi, na asiyemkana mnyama wake atangoja mwaka mwingine. Hakumtazama kogo aliposema hivyo. Lakini kogo alikohoa wakati huohuo, kikohozi kirefu kilichomwinamisha, na sote tulijua kwamba huo mwaka mwingine hakuwa nao.

Siku hiyo nyumbani nilimweleza ugomvi ulivyokuwa, kwa sababu maneno mengi yalikuwa yamempita. Nilipofika kwenye habari ya msimamizi, alininyamazisha kwa mkono.

"Kule kiwandani, kumwita mtu nyani ni tusi?"

"Tusi kubwa, kogo."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha ghafla, akaketi akitazama moto. "Maskini," alisema, na sikujua kama alimaanisha mwinjilisti au msimamizi.

Nilimsihi. Nilimwambia ni maneno mawili tu, atayasema Jumamosi, na Jumapili atabatizwa, na nyani hawataambiwa. Alinitazama kama mtu anayepima maziwa kama yameganda.

"Nikiingia kwa mama yako kwa uongo," alisema, "nitakaa huko nikiwa na uso gani?"

Tangu siku hiyo alianza kuvuka mto hata siku zisizo za darasa. Alipeleka maziwa kwenye laini kubadilishana na chumvi, kama alivyofanya siku zote, ila sasa alikawia huko, ameketi juu ya gogo nyuma ya vibanda, akitazama vishamba vya mahindi. Nilidhani ni ugonjwa.

Jumamosi ikafika. Kanisa lilijaa, kwa kuwa ugomvi ule ulikuwa umepita katika kambi yote na watu hata kutoka Kiptere walikuja kusikia. Vijana waliulizwa, wakakana tembo na fisi na ndege mmoja mmoja, haraka haraka. Kisha kogo akasimama, ameegemea fimbo, nami nikasimama kando yake ili nitafsiri. Nakiri hapa kwamba ulimi wangu ulikuwa umeshalitayarisha neno la uongo. Ningesema amekana, lolote atakalosema yeye. Aliweka kiganja chake kifuani mwangu, akanirudisha nyuma hatua moja.

"Leo mimi nasema mwenyewe," alisema, kwa Kiswahili alichookota katika miaka ya kuuza maziwa.

Mwinjilisti alimuuliza kwa heshima. "Mama, unamkana nyani?"

"Nyani, nani aliumba yeye?"

"Mungu."

"Alikosea?"

"Mungu hakosei, mama."

"Basi mimi nakana nini?"

Kicheko kidogo kilipita nyuma. Mwinjilisti hakucheka. Alisema polepole, akichagua maneno atakayoyaelewa, kwamba mtu ni mfano wa Mungu na nyani siye, na hiyo ndiyo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo heshima yote tuliyo nayo.

"Mtoto yangu alikuwa mfano yangu," kogo alisema. "Sura, macho, kutembea, yote. Lakini binamu alikuwa nao, wengi, na wengine wezi." Alivuta pumzi. "Yule mzungu ya kiwanda, akisema wewe nyani, anataka kushusha wewe. Mimi hapana shusha wewe. Mimi nainua nyani kidogo tu."

Mwinjilisti alikuwa ameshika ukingo wa meza, na ule weusi wa vidole vyake ulionekana wazi juu ya kitambaa cheupe.

"Na wewe," kogo aliendelea, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani uani, "kwenu mnyama ni nani? Mimi nakaa pale nyuma ya laini, naona. Wengine wanatupa mawe. Wewe unatupa udongo. Mkono inabeba gunia, nyani iko hapa karibu kama hii benchi, na wewe unakosa. Kila siku unakosa."

Mwinjilisti aliuachia ukingo wa meza.

"Kwetu," mwinjilisti alisema hatimaye, "ni nyani pia."

Aliyasema hayo akitazama mikono yake. Akasema kwamba alimkana siku ya ubatizo wake, kwa moyo wote, na kwamba alidhani imekwisha. Halafu alikuja huku kutafuta kazi, na siku ya kwanza kiwandani akasikia jina ambalo mama yake alilitaja kwa heshima likitupwa usoni pake kama maji machafu. Tangu siku hiyo hakutaka kulisikia tena, kutoka kwa mtu yeyote, kwa maana yoyote. "Lakini mkono haukusikia," alisema. Akaketi, na tukamwacha aketi.

Aliposimama tena alikuwa na swali jingine.

"Mama, unamwabudu nyani?"

"Niabudu mwizi ya mahindi?"

Ndipo kanisa lote likacheka, na mwinjilisti naye, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Akamuuliza basi anamwabudu nani. Kogo alijibu kwa lugha yetu, jibu refu, akitaja jina la Mungu kama wazee wanavyolitaja asubuhi wanapolitazama jua likichomoza, kisha jina la Yesu, kisha jina la mama yangu. Mwinjilisti alinigeukia nitafsiri. Nilitafsiri kila neno, naye akaliandika jina la kogo katika orodha ya watakaobatizwa kesho yake.

Mwinjilisti na mwalimu hawakupatana juu ya jambo lile, wala sidhani watapatana. Lakini tangu Jumamosi ile walibishana wakiwa wameketi kwenye benchi moja, na mwalimu alijifunza kuanza kila mara kwa kusema alichokisahau siku ya kwanza, kwamba anayemwita mtu nyani ili amdhalilishe hajafundishwa hilo na elimu yoyote. Mimi nimesoma kidogo tangu wakati huo, na kuandika kidogo, na nimekutana na watu wenye elimu wanaosema kwamba lazima nichague, Mungu au mabadiliko ya viumbe, kana kwamba ni watu wawili wanaogombania kiti kimoja. Nashindwa kuchagua. Nikifumba macho nauona mche wa jani pana na mche wa jani jembamba, toka gunia moja, na mkono unaozitenga mbegu. Nyumba yangu ya imani imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa, na jamaa walioingia ndani yake ni wengi, wengine wana mikia.

Kogo alifariki kabla ya mvua kubwa za mwaka uliofuata. Alifariki akiwa na hakika ya mahali anakokwenda, jambo ambalo ni wachache tu kati ya wasomi niliowajua waliolipata.

Lakini nataka kumwacha pale mtoni, Jumapili ile. Mchungaji alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mdomo umemgeuka bluu kwa baridi, kwa kuwa maji yetu hutoka msituni na hayajui huruma. Mwinjilisti ndiye aliyemshika kogo mkono kumwingiza, akamwambia aweke mguu hapa, sasa hapa, mama, jiwe hilo linateleza. Alizamishwa na kuinuliwa, akakohoa, akafungua macho na kutuangalia kana kwamba anatuhesabu. Tulimfunga mablanketi mawili na kupanda naye kuelekea nyumbani, wimbo ukiwa bado kinywani, mwalimu akiubeba kutoka chini.

Tulipofika ukingoni mwa shamba, mahindi yalikuwa yakitikisika bila upepo. Walikuwa humo, kundi zima, na yule mama mwenye mtoto mgongoni ameketi wazi kabisa juu ya kichuguu, akimenya.

Mwinjilisti aliinama kwa mazoea, akaokota bonge la udongo. Akalishika. Kisha akafungua vidole vyake vyeusi, likaanguka.

Kogo, akidondokwa na maji, alikuwa ameshachukua fimbo yake.

"Hata leo?" aliwauliza. "Hata Jumapili?"